Fundi, nina laki tatu na nusu na nyumba tupu, nianze kutengeneza nini?

Swali: Shikamoo fundi. Nimehamia Dodoma kikazi, nimepanga vyumba viwili Ilazo, ndani sina kitu zaidi ya godoro, jiko na TV iko chini sakafuni. Nimeulizia bei ya seti ya sebuleni nikashtuka. Mjomba wangu alikuwa seremala kwa hiyo msumeno na nyundo siogopi kushika, na nina laki tatu na nusu. Nataka nitengeneze mwenyewe stendi ya TV, benchi, shelfu na kitanda, na ukutani nako pasikae patupu. Ninunue mbao gani na nianze na kipi? Jirani yangu alijitengenezea meza ya paina, nzuri kabisa, haijamaliza miezi ikapasuka katikati, ndo kinachonitia woga.

Marahaba mdogo wangu, karibu Dodoma. Ngoja nianze na hiyo meza ya jirani kabla ya hela yako, maana ukielewa kwa nini ilipasuka hutapata shida na hivyo vingine vyote.

Paina nyingi tunazouziwa huku zinatoka nyanda za juu kusini, Mufindi kule kwenye shamba la serikali la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, Njombe nako vilevile. Kule ni baridi, kuna ukungu, mti unakatwa leo keshokutwa umechanwa mbao, wiki ijayo umepanda lori umevuka Mtera umeshushwa Dodoma ambako mvua zenyewe ni za Desemba mpaka Aprili na baada ya hapo ni jua na upepo mkavu mpaka mwaka unaisha. Mbao mbichi ya paina inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe ikiwa kavu, wakati mwingine hata zaidi. Yale maji ya mwanzo yakitoka huoni kitu, mbao inakuwa nyepesi tu. Ila maji yakishafika kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu kushuka chini ndo mbao inaanza kusinyaa, na ndani ya nyumba yako hapo Ilazo itaendelea kushuka mpaka karibu asilimia 10. Sasa shika hili: mbao haisinyai kwa urefu, yani ni kidogo mno huwezi kuliona, inasinyaa kwa upana. Ubao wa paina wa nchi 10 ukinunuliwa mbichi unaweza kupungua karibu sentimita nzima kwa upana, na juu ya meza una mbao nne au tano zimegundishwa pamoja, piga hesabu mwenyewe.

Jirani yako bila shaka alikaza ile juu ya meza kwenye fremu kwa misumari au skrubu pande zote nne. Fremu ya chini imelala kwa urefu wake, haisogei, juu inataka kujivuta imeshikwa huku na huku, lazima ipasuke mahali. Hata angemwaga gundi ndoo nzima ingepasuka tu, labda ingehama ikapasukie pembeni.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza isiende kwenye vanishi wala kwenye vitasa vya kung'aa, iende kwenye mbao, na uzinunue mapema ukae nazo. Najua unataka kuanza jumamosi hii. Usianze. Nunua jumamosi hii alafu zipange ndani ya chumba kile kimoja ambacho hakina kitu, au kibarazani penye kivuli ambapo upepo unapita. Unaweka vipande vya 2x2 (nchi mbili kwa mbili) chini kuziinua kutoka sakafuni, unapanga mbao, unaweka viunzi vyembamba vya nchi moja kila baada ya kama futi mbili, unapanga safu nyingine, na viunzi vya juu vikae sawasawa na vya chini wima kabisa, visipishane, vikipishana mbao itakaukia imepinda kama wimbi. Juu kabisa weka mzigo, matofali au ndoo za maji zenye mfuniko. Zile ncha mbili za kila ubao pakaza rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo, kwa sababu maji yanakimbilia kutokea kwenye ncha kuliko ubavuni, ncha zikikauka haraka ndo zinaanza zile nyufa ndefu zinazokula ubao futi nzima. Na jamani usizianike juani! Watu wanaona Dodoma ina jua basi wanadhani ni mashine ya kukaushia, jua la saa nane linakausha uso tu, ndani bado maji, ubao unajikunja.

Utajuaje imekauka? Mafundi wengi tunagonga tukasikiliza au tunaweka shavuni tukasikia ubaridi, ila hiyo inahitaji mkono uliozoea. Wewe tumia mizani. Chagua ubao mmoja kwenye rundo, mzima hivyo hivyo, peleka kwa mpimaji wa dukani kama huna mizani, andika uzito. Urudishe kwenye rundo, pima tena wiki ijayo, na inayofuata. Siku uzito ukigoma kushuka hapo mbao imefika mwisho wa kukauka kwa hali ya chumba chako. Ukitaka kujua namba kamili bila kusubiri wiki, kata kipande katikati ya ubao, siyo kwenye ncha, kama kiganja hivi, kipime, alafu kiweke kwenye oveni ya moto mdogo mpaka uzito usishuke tena. Tuseme kilikuwa gramu 600 kikaishia 500, tofauti ni 100, gawa kwa 500, hiyo ni asilimia 20, bado mbichi kwa fanicha ya ndani. Pale mbao zinapouzwa uliza zilizokaa muda mrefu kwenye banda, beba mbili za saizi ileile mkononi chagua nyepesi, alafu ziangalie kwa jicho moja kutokea nchani kama zimenyooka. Kataa ubao wenye kiini cha mti katikati, kile kiduara cheusi unachokiona nchani, huo utapasuka hata umbembeleze. Vifundo vidogo vilivyoshika havina shida, ila kifundo cheusi kinachocheza kitadondoka.

Aina za mbao sasa. Kwa hela yako ni paina, usitafute mwingine. Mninga ni mbao tamu sana, inasinyaa kidogo kuliko nyingi, mchwa wanaiogopa, rangi yake yenyewe ni pambo, lakini bei yake utanunua ubao mmoja ukae unautazama. Ukipata kipande kilichobaki kwa fundi chukua cha kutengenezea kitu kidogo kinachoonekana. Na mbao za miti ya asili ukiuziwa pembeni kwa bei ya kutupa ulizia risiti na hati ya kusafirishia, maana TFS, wakala wa misitu wa serikali, wakizikamata barabarani huna pa kujitetea. Kuna paina nyingine utaziona zina ukijani, hizo zimetiwa dawa ya mchwa, ni nzuri kwa kenchi za paa na nguzo. Kwa benchi la kukalia watoto au meza ya chakula mimi siziweki, dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, kromu na aseniki. Na vipande vyake vilivyobaki usiviweke jikoni kuwashia moto hata siku moja, aseniki inatoka na moshi na inabaki kwenye majivu.

Paleti, zile chaga za mbao za kubebea mizigo, umeniuliza? Hukuniuliza ila utaniuliza, kila mtu anaziona kwenye simu. Ni nzuri na mara nyingi zimeshakauka, ambacho kwa maelezo yangu ya juu ndo nusu ya kazi. Ila tafuta mhuri uliochomwa ubavuni wenye alama ya ngano. Ukiona herufi HT ina maana ilipashwa joto kuua wadudu, hiyo chukua. Ukiona MB achana nayo, ilipigwa gesi ya sumu. Isiyo na mhuri kabisa au yenye madoa ya mafuta na harufu ya dawa ya mashambani usiingize ndani. Na kuzibomoa siyo kazi ya dakika tano, misumari yake ni ile ya kujipinda, ukivuta kwa nyundo ubao unapasuka. Kata misumari kwa msumeno wa chuma katikati ya viungo, unapata ubao mzima na kichwa cha msumari kimebaki kama pambo.

Vifaa: tepu, skweya, msumeno wa mkono wenye meno makali, patasi moja ya nchi moja, nyundo, bisibisi, penseli. Drili azima au kodi, usinunue sasa. Randa pia usinunue. Peleka mbao zako zikishakauka (narudia, ZIKISHAKAUKA) kwenye karakana yenye mashine wakurandie na wakuchanie, hiyo ndo hela ndogo yenye faida kubwa kuliko zote kwenye safari hii, kazi ya siku mbili ya mkono inaisha unaongea. Nenda na karatasi yenye vipimo usiende na maneno mdomoni. Klampu za kubania mbao kama huna funga kamba mara mbili kuzunguka fremu, ingiza kijiti katikati ya kamba, zungusha mpaka ilie, kifunge kijiti kisirudi. Inakaza vizuri tu mpaka gundi ishike.

Anza na benchi. Kwa nini benchi, kwa sababu linatoka kwenye mbao mbili tu, ubao mmoja wa 1x6 na mmoja wa 2x2, yote ya futi 12 ambazo ni kama sentimita 366. Kwenye 1x6 unakata vipande viwili vya sentimita 120, hivyo ni kalio. Inabaki kama 125, hiyo ichane katikati kwa urefu upate vipande viwili vya upana wa kama sentimita 7, kila kimoja ukate 100 na 22. Tayari una mbao mbili ndefu na mbili fupi za kuzunguka fremu chini ya kalio. Kwenye 2x2 miguu minne ya 43, kisha viwili vya 22 vya kuunganisha miguu chini kwa upande wa upana, kimoja cha 100 kinachounganisha hivyo viwili, na kipande cha kama 24 cha kuweka katikati chini ya kalio kulibeba, hicho usikate kwa namba yangu, unganisha fremu kwanza upime pengo lenyewe. Ukishaweka kalio, urefu wa kukaa unakuwa karibu sentimita 45, ambao ni wa kiti cha kawaida, na upana, ukijumlisha na nafasi ya katikati ya mbao mbili, ni 31 hivi.

Viungo ndo penye siri. Ukipiga skrubu kupitia mguu ikaingia kwenye ncha ya ubao, imeshika nyuzi za mbao kwa urefu, inalegea haraka, ndo maana mabenchi mengi ya kujitengenezea yanaanza kucheza dansi baada ya mwezi. Ukiweza chonga ulimi na tundu, yani ncha ya ubao mmoja iingie kwenye tundu la mwingine, mjomba wako bila shaka alikuonyesha. Ukishindwa, tumia gundi nyeupe ya mbao na skrubu, alafu kila kona kwa ndani weka kibao cha pembetatu kimegundishwa na kupigwa skrubu mbili kila upande, zile zinaingia ubavuni mwa mbao na haziendi popote. Toboa kwanza, skrubu ya milimita 4 itobolee tundu la 2.5 au 3, paina kavu ya Dodoma ukiisukumia skrubu bila tundu inapasuka mbele ya macho yako. Na zile mbao mbili za kalio acha kati yake nafasi ya sentimita moja, usizigundishe kwenye fremu, zishike kwa skrubu kutokea chini na tundu la kwenye kile kipande cha chini litoboe pana kidogo kuliko skrubu, kusudi mbao ikitaka kutanuka masika na kujivuta kiangazi isogee kwa amani. Hicho tu ndo jirani yako alikosa.

Stendi ya TV usiifanye kwa mbao, ifanye kwa plaiwudi ya milimita 18, yenyewe nyuzi zake zimepishana haisogei. Shiti moja ni futi 8 kwa 4. Mwambie wa mashine aichane mikanda mitatu ya sentimita 40. Mkanda wa kwanza ni juu na chini, 120 kila kimoja. Wa pili toa vitatu vya 40, ni mbavu mbili na ya katikati, zinazobaki toa rafu mbili za 57.3. Wa tatu kata 120, uchane katikati upate shelfu mbili za ukutani za upana wa kama 20, na kinachobaki toa vipande viwili vya 57.3 kwa upana wa kama 15 vya kukaza mgongoni, bila hivyo stendi itayumba kama mlevi ukiisukuma. Iinue kwa miguu ya sentimita 10 kwa sababu unadeki, na plaiwudi ya bei rahisi ikinywa maji ya kudeki kila siku inaachia. Chipubodi ndo kabisa usinunue wewe mpangaji. Inavimba ikiguswa na maji, na skrubu ukiichomoa siku ya kuhama haishiki tena pale pale.

Zile shelfu za 120 zikae kwenye vishikio vitatu siyo viwili. Shelfu ikijaa vitabu ukaongeza pengo kati ya vishikio mara mbili, kupinda kunaongezeka mara 16, siyo mara mbili kama watu wanavyodhani. Toboa ukuta kwa biti ya drili ya zege, weka plagi za plastiki, ila ongea na mwenye nyumba kabla, wengine wanahesabu matundu siku unatoka.

Kupaka nitasema haraka. Msasa namba 80 kama ni mbaya, 120, kisha 180, kila mara kufuata urefu wa nyuzi. Sila ya kuziba vinyweleo vya mbao paka mkono mmoja, ikikauka pitisha msasa laini wa 240, futa vumbi, vanishi mikono miwili myembamba kuliko mmoja mzito. Paka asubuhi mapema, kufika saa nne upepo wa huku umeshaamka na lile vumbi jekundu litalala juu ya vanishi yako mbichi. Fungua madirisha wala usipake karibu na jiko, thina inashika moto. Ukitumia mafuta ya linsidi vitambaa ulivyopakia visirundikwe, vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka bila kiberiti, vianike nje kimoja kimoja. Oili chafu ya gari mtu asikudanganye uipake kwenye fanicha ya ndani kwa ajili ya mchwa, utakaa na ile harufu na itachafua nguo. Mchwa hapa ni wengi kweli, dawa yake ni kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya fanicha na ukuta na kuchungulia nyuma mara kwa mara, vinjia vya udongo utaviona mapema.

Ukutani usihangaike kununua picha za plastiki. Vipande vya paina vilivyobaki vinatosha fremu mbili tatu, kata pembe kwa nyuzi 45, ndani weka kipande cha kitenge kilichovutwa vizuri, siyo lazima kioo. Vibuyu vya Kigogo vile vidogo vilivyochorwa vikipangwa vitatu juu ya shelfu vinapendeza kuliko maua ya bandia, na vikapu vya milulu vya Iringa ukivitundika sehemu moja kwa saizi tofauti ukuta umekwisha.

Kitanda kiache mwisho, najua unalala chini na siyo raha, lakini kinabeba watu na viungo vyake vinataka mkono uliokwishazoea. Kikifika zamu yake kifanye cha kufunguka, mbavu zishike kwa bolti na nati ndefu, mpangaji asiye na kitanda cha kufunguka anakikata mlangoni siku ya kuhama. Godoro lako la sponji linataka chaga zisizoachana zaidi ya sentimita 7, vinginevyo linazama katikati ya mapengo, na kikiwa cha 5 kwa 6 lazima pawe na ubao wa kati kwa urefu wenye mguu wake unaogusa sakafu. Hizo chaga usizipigilie zote, pigilia ya kwanza, ya kati na ya mwisho, nyingine unganisha kwa utepe wa nguo na pini ndogo, siku ya kuhama unazikunja unaondoka nazo. Ukishamaliza benchi na ukaona halitikisiki, nitumie kipimo cha godoro kwa sentimita, urefu, upana na unene, siyo kile cha dukani cha 5 kwa 6 maana magodoro hayafanani, nikuandikie karatasi ya kukata ya kitanda.